Dogo haogopi beki, anaogopa simu

Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye ngazi za zege nje ya uwanja mmoja wa mazoezi hapa Dar es Salaam na winga mmoja wa miaka 19. Jina lake naliacha. Klabu yake naiacha pia. Ukitaja klabu kwenye nchi hii nusu ya wasomaji wanaacha kusoma, nusu nyingine wanaanza kutukana.

Msimu uliopita dogo huyu alikuwa moto. Akipata mpira pembeni anamfuata beki. Akimpita wa kwanza anamtafuta wa pili. Akipokwa, anarudi kuuomba tena kama hakuna kilichotokea. Msimu huu akipata mpira anaurudisha nyuma. Beki yuko mmoja mbele yake, uwazi upo, jukwaa limeshasimama kusubiri, yeye anaurudisha kwa beki wa kushoto kama ameshika kaa la moto.

Nilimuuliza tatizo nini. Nilidhani ataniambia kocha amemkataza, au goti linamsumbua. Akanyamaza kidogo, akatoa simu mfukoni, akaanza kunionyesha picha. Zote zilikuwa picha za komenti alizozihifadhi mwenyewe. "Winga wa maonyesho huyu." "Garasa, arudi kwenye ndondo." "Kauza mechi, muulizeni kapewa shilingi ngapi." Zipo zinazomtaja mama yake mzazi, hizo haziandikiki gazetini.

Alipofika kwenye moja akaipitisha haraka. Nikamwambia, hebu rudisha ile. "Achana nayo kaka, mambo ya kawaida tu hayo." Nikaichukua simu, nikairudisha mwenyewe.

Ilikuwa yangu.

Niliiandika mimi, usiku wa mechi moja ambayo dogo alipokwa mpira katikati ya uwanja na wapinzani wakaenda kufunga. Niliposti kwamba anapiga chenga mpaka kivuli chake, tatizo mpira anausahau nyuma. Watu walicheka sana. Nilipata laiki nyingi kuliko uchambuzi wowote niliowahi kuuweka pale. Nikalala usingizi mzuri, asubuhi nikawa nimeshasahau. Yeye aliikariri. Alinisomea neno kwa neno bila kuitazama simu.

Kwa hiyo leo siandiki kama mtu msafi. Naandika kama mmoja wenu.

Najua mtakachoniambia. Mpira na matusi ni ndugu wa zamani, na wachezaji wa enzi zile walitukanwa jukwaani mpaka wakazoea. Ni kweli. Lakini kumbukeni Asamoah Gyan. Julai 2, 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia kule Johannesburg, Ghana dhidi ya Uruguay. Dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, Ghana wanapata penalti. Ikiingia, Afrika inapeleka timu nusu fainali kwa mara ya kwanza. Gyan akagongesha mwamba. Bara zima likashika kichwa.

Instagram ilikuwa bado haijazaliwa. Ilianza Oktoba mwaka uleule. Huku kwetu tulimlaumu Gyan kwenye vibanda umiza, kwenye daladala, kijiweni kwenye kahawa. Tulimsema vibaya sana. Lakini nani kati yetu aliweza kumfuata chumbani kwake? Maneno yetu yaliishia palepale kijiweni, yakapoa pamoja na kahawa. Na dakika chache baada ya kugongesha mwamba, Gyan huyohuyo alikwenda kupiga penalti ya kwanza ya Ghana kwenye mikwaju, akafunga. Ghana walitolewa, lakini yeye alikuwa bado anauamini mguu wake.

Sasa njoo miaka 11 mbele. Julai 11, 2021, fainali ya Euro kwenye uwanja wa Wembley, England na Italia. Mikwaju ya penalti. Marcus Rashford akagonga nguzo, Jadon Sancho akapanguliwa, na wa mwisho akawa Bukayo Saka. Miaka 19, umri uleule wa dogo wangu. Gianluigi Donnarumma akapangua. Kabla hawajatoka vyumba vya kubadilishia nguo, simu za vijana wale watatu zilikuwa zimejaa ubaguzi wa rangi. Saka alipojitokeza siku chache baadaye alisema kwamba mara tu baada ya tukio alijua kabisa aina ya chuki itakayomfikia, na akailaumu mitandao yenyewe kwa kutofanya vya kutosha kuizuia.

Hapo ndipo ninapotaka msimame kidogo. Kijana wa miaka 19 amekosa penalti kwenye fainali, na anachokiwaza ni kile kinachomsubiri kwenye simu.

Msiseme hayo ni mambo ya Wazungu na ubaguzi wao. Februari 11, 2024, fainali ya AFCON pale Abidjan, Nigeria wakafungwa 2-1 na Ivory Coast. Alex Iwobi alishambuliwa mtandaoni na mashabiki wa nchi yake mwenyewe, Waafrika wenzake, mpaka akaondoa picha zake Instagram. Nahodha Ahmed Musa ilibidi ajitokeze kuwaomba Wanigeria waache. Iwobi alikuwa mtu mzima mwenye miaka mingi ya Ligi Kuu England mgongoni. Kama yeye aliona afadhali afute picha, dogo aliyepandishwa kutoka timu ya vijana msimu uliopita atafanya nini?

Na sisi tuna mfano wetu. Aprili 2019 tulikuwa wenyeji wa AFCON ya vijana wa chini ya miaka 17. Serengeti Boys walifungua na Nigeria Uwanja wa Taifa, mechi ikaisha 5-4. Wakafungwa na Uganda, wakafungwa na Angola, wakatoka. Watoto wa kidato cha tatu na cha nne waliofunga mabao manne dhidi ya Nigeria! Mimi nakumbuka tulichozungumza wiki ile, na kwa kweli hakikuwa yale mabao manne. Ingekuwa enzi za redio, mtoto angefika nyumbani, mama yake angempikia, yangeisha. Enzi hizi anafika nyumbani na sisi tumo mfukoni mwake.

Nilidhani hapo nimeshalielewa tatizo la dogo. Nikamwambia basi, zizime hizo komenti, usisome matusi. Akatikisa kichwa. "Kaka, matusi siyo yaliyoanza. Zilianza sifa."

Akanisimulia. Msimu uliopita alimpiga beki mmoja mzoefu chenga moja ya aibu. Mtu akairekodi jukwaani, ikasambaa. Asubuhi alipoamka wafuasi walikuwa wameongezeka kwa maelfu. Watu walimwita majina ya wachezaji wa Ulaya. Dada mmoja aliyesoma naye, ambaye hakuwahi kumjibu salamu, akamwandikia. Tangu siku ile, anasema, kila mechi ikiisha alishika simu kabla hajavua viatu. Alikuwa anahesabu.

Halafu akaniambia jambo ambalo limekaa kichwani kwangu mpaka leo. Kuna mechi moja ya ugenini alikaba kuliko siku zote. Alirudi nyuma kumsaidia beki wake dakika 90, hakupiga chenga hata moja, timu ikashinda 1-0. Kocha akamsimamisha mbele ya wenzake chumbani akasema leo huyu ndiye aliyetupa pointi tatu. Dogo akafungua simu. Hakuna klipu. Hakuna jina lake popote. "Nikaona kocha ananipa moyo tu," akasema. "Nikajua nimecheza vibaya."

Mmeelewa? Kocha aliyemfundisha, aliyesimama mita chache kutoka kwake dakika zote, anamwambia umecheza vizuri. Yeye anaamini ukimya wa watu asiowajua, ambao wengi wao hawakuiona mechi. Mizani ilishahama kutoka kwa kocha, ikahama kutoka kwake mwenyewe, ikaenda kukaa kwenye simu. Na mizani ikishakaa huko, siku ya sifa unajiona mfalme na siku ya matusi unajiona takataka. Huwezi kuchukua laiki halafu ukakataa matusi. Mlango ni mmoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema dawa ni kuwafundisha vijana ngozi ngumu. Ngozi ngumu itamsaidia kuvumilia tusi. Haitamsaidia kujua amecheza vizuri siku ambayo hakuna aliyemposti.

Na siyo wanasoka peke yao. Mwaka 2021, Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Watafiti wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba Instagram inafanya hali kuwa mbaya zaidi kwa msichana mmoja kati ya watatu katika namna anavyouona mwili wake. Mei 2023 aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, akaonya kwamba watoto na vijana wanaokaa mitandaoni zaidi ya saa tatu kwa siku wako kwenye hatari mara mbili ya kupata matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Saa tatu! Mchezaji wa hapa kwetu anamaliza mazoezi asubuhi, mchana wote yuko kitandani hosteli na bando limejaa. Saa tatu kwake ni kabla ya chakula cha mchana.

Nenda viwanja vya mchangani Mbagala au Tandika jioni yoyote uwasikilize wadogo. Hivi karibuni mmoja wa miaka 17, ana mguu mzuri sana wa kushoto, aliniambia anafikiria kuacha mpira. Kwa nini? "Nimeshachelewa bro. Muone Yamal." Kwenye simu yake, siku nzima, anamwona Lamine Yamal. Ni kweli Yamal alifunga dhidi ya Ufaransa nusu fainali ya Euro 2024 akiwa na miaka 16, na akabeba kombe siku moja baada ya kutimiza 17. Lakini Yamal mmoja anatokea mara ngapi? Simu haimwambii hilo. Simu inampa yule mmoja asubuhi, mchana na usiku, mpaka anaamini kila mtu duniani amefika isipokuwa yeye.

Nikamuuliza, Samatta alifunga bao lake la kwanza Ligi Kuu England akiwa na miaka mingapi? Hakujua. Mbwana Samatta alikuwa na miaka 27. Alipita African Lyon, akapita Simba, akaenda kukaa TP Mazembe kule Lubumbashi tangu 2011, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Ndipo Januari 2020 akafika Aston Villa, na Februari mosi akafunga ugenini kwa Bournemouth. Miaka mingi ya mazoezi ambayo hakuna aliyeirekodi. Hiyo miaka haina klipu. Ndiyo maana dogo wa Mbagala haijui.

Msinielewe vibaya. Mimi siyo mzee wa kuchukia simu. Kijana wa Kigoma leo anaweza kurekodiwa na rafiki yake na akaonwa na mtu wa Dar au hata wa nje. Zamani ungesubiri mpaka mjomba akufahamishe kwa kiongozi. Wapo waliopata majaribio kwa njia hiyo. Na siyo kwamba mchezaji asikosolewe. Analipwa, anavaa jezi ya watu, akicheza ovyo aambiwe. Nikiacha kukosoa, mhariri ataninyang'anya ukurasa huu na atakuwa sahihi.

Lakini kuna njia ya kukosoa. Ukisema "aliushikilia sana mpira, alitakiwa aachie mapema kwa yule aliyekuwa huru upande wa pili", umemkosoa. Kesho mazoezini ana kitu cha kufanyia kazi. Ukisema "garasa", umempa nini cha kufanyia kazi? Ule mzaha wangu wa kivuli haukuwa na uchambuzi hata nusu. Nilitaka watu wacheke, wakacheka. Na mitandao hii inaujua udhaifu wetu huo. Ukiweka uchambuzi wa maana unapata laiki za wajomba na shangazi zako. Ukiweka kejeli, usiku mmoja umefika nchi nzima. Kuna kurasa za soka hapa mjini zinaishi kwa hilo. Zinajua kabisa kwamba aliyekosa bao la wazi anauza kuliko aliyefunga.

Na hili la "kauza mechi" tuliseme wazi. Huo siyo utani wa jadi. Unamtuhumu mtu kosa zito, bila ushahidi, mbele ya majirani zake, mbele ya wazazi wake, kwa sababu tu kipa alishindwa kuudaka mpira uliolowa mvua. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na inakataza kutumia simu au kompyuta kumtisha, kumnyanyasa au kumsababishia mtu maumivu ya moyo. Wengi tunadhani imeandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, FIFA walianza kuwalinda wachezaji kwa mitambo ya kuchuja komenti. Walipitia takriban machapisho milioni 20, na zaidi ya 19,000 yakathibitishwa kuwa ya matusi, ubaguzi au vitisho. Wachezaji wale walikuwa na watu wa kusimama kati yao na sisi. Klabu zetu nyingi zina msemaji wa kuwatambia watani, zina mpiga picha, zina mtu wa kuuza jezi. Sijakutana na klabu iliyomweka mtu wa kukaa na wachezaji wa miaka 18 na 19 usiku wa mechi waliyofungwa.

Haihitaji mamilioni. Wakusanye simu za madogo kabla ya mechi, wawarudishie asubuhi. Mchezaji mkongwe mmoja apewe vijana wawili wa kuwaangalia, alale nao chumba kimoja safarini. Ukurasa wa mchezaji kijana ushikwe na mtu mzima mpaka azoee. Kocha amwonyeshe dogo video ya dakika 90 zake zote, ajione alivyorudi kukaba, ajue kwamba kuna mtu aliyeona. Na Instagram yenyewe tangu Mei 2021 inakuruhusu kuficha idadi ya laiki. Nilimwonyesha dogo wangu pale pale kwenye ngazi. Hakuwa anajua.

Sisi wa jukwaani tuna sehemu yetu. Baada ya ile fainali ya Wembley, mtu alikwenda kuuharibu mchoro wa Rashford uliochorwa ukutani Withington, jijini Manchester. Watu wa mtaa ule hawakuanzisha mjadala. Walikuja na karatasi, wakaandika ujumbe wa kumtia moyo, wakabandika juu ya uchafu mpaka ukuta ukajaa. Watoto wengi walikuwemo. Hivyo inawezekana. Mashabiki walewale, lugha ileile, wameamua tu kuandika kitu kingine.

Ile posti yangu niliifuta palepale mbele yake, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo. "Asante kaka," akasema, "lakini mimi picha yake ninayo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananiambia ukweli. Kufuta kwangu kumenisaidia mimi zaidi.

Jumamosi nilikwenda kumtazama. Aliingia kipindi cha pili, timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja. Mpira wa kwanza akaurudisha nyuma. Wa pili akaurudisha nyuma. Wa tatu akauburuta kidogo, akamtazama beki, nikasimama. Akamfuata. Akapokwa.

Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa anarekodi, ameshaanza kucheka, kidole kinaandika. Nikageuka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ngoja kwanza. Mpe mpira mmoja tena."

Akanitazama kama mwendawazimu. Lakini alingoja.